Mfarishi Wenye Mdomo

"Na joto hili?" Ndilo swali la kwanza tunaloulizwa, na mwulizaji huwa tayari anajipepea. Watu wakisikia kwamba Likoni kuna wanawake wazima wanaokutana Jumamosi kushona mifarishi ya viraka, huuliza tunamshonea nani, watu wa Nyandarua? Wamesahau upepo wa kusi. Ikifika Julai, usiku unashuka hadi nyuzi 20 na kitu, na utamwona mtu wa Pwani amevaa sweta na soksi, analalamika kwamba Nairobi imehamia kwetu. Huyo ndiye mteja wetu. Miezi mingine mfarishi ni pambo la kitanda, na Mombasa pambo halitafutiwi sababu.

Wanachama wanatoka pande zote zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa. Wa Changamwe huleta mabaki ya vitambaa anayonunua kwa kilo. Wa Kisauni hudamkia Kongowea siku ya kufunguliwa marobota ya mitumba, apate kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, kabla ya wengine, kisha hupitia karakana za Bombolulu, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu wanatengeneza mapambo na nguo, na kurudi akitusimanga kwamba kule mshono haupindi. Sisi wa Likoni tuna leso, na maneno.

Mtindo wa kisasa tuliuona kwenye simu. Mwaka 2009 huko Los Angeles, Marekani, kulianzishwa chama kiitwacho Modern Quilt Guild, na wafuasi wake wanapenda rangi kavu zisizo na maua, mistari isiyolingana, na nafasi kubwa tupu. Hiyo nafasi tupu ndiyo iliyotuletea fitina. Leso haijui nafasi tupu: ina pindo, ina mji, na palipobaki pamejazwa michoro ya korosho. Tulipomwonyesha mzee wetu, Mama Mkubwa, kazi yetu ya kwanza, nyeupe yote na miraba mitatu myekundu pembeni, aliitazama kwa huruma.

"Kitambaa kiliwaishia?"

Tukamweleza kwamba ndiyo fasheni.

"Mngeniambia wanangu. Nina pazia kuukuu nyumbani."

Jumamosi iliyofuata alikuja na pazia.

Mtindo huo pia unataka kila mshono uwe robo inchi, kamili. Tulipatana kila mtu akashone kwake vipande vya inchi 12 kwa 12. Wa Changamwe alipima kwa tepu ya fundi. Wa Kisauni alipima kwa rula ya mtoto iliyovunjika mwanzoni, kwa hiyo inchi yake ya kwanza ilikuwa ya pili. Mweka hazina wetu alipima kwa shibiri, na hakusema shibiri ya nani. Sasa piga hesabu: robo inchi ikipotea kila upande wa kipande, safu ya vipande sita imekula inchi tatu. Kwenye kitanda cha futi sita, hizo inchi tatu ni nyayo za mtu nje.

Waliotuokoa ni wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichokumbatiwa na mto pande tatu. Ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba. Walishona kwa suruali za kazi zilizochakaa na chochote kilichokuwepo, mistari ikienda inakotaka yenyewe. Mwaka 1966 baadhi yao waliingia katika ushirika wa Freedom Quilting Bee, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa ukutani katika makumbusho ya sanaa ya Houston. Mimi nawapenda hao kuliko wale wa Los Angeles, maana hawakuuliza rula.

Lakini kilichowagusa wenzangu wa Likoni si makumbusho, ni feri. Mwaka 1962, Weusi wa Gee's Bend walipokuwa wakivuka kwenda mjini kujiandikisha kupiga kura, feri yao iliondolewa. Ilirudi 2006. Miaka 44! Chumba kizima kilinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chama chetu.

"Na sisi twapiga kelele ya Likoni ikichelewa dakika arubaini," akasema mweka hazina. Akafikiri kidogo. "Ingawa siku ya dakika arubaini ni siku nzuri."

Tangu hapo kipande kikipinda, hatukifumui. Tunasema ni cha Alabama.

Mama Mkubwa naye hakupendezwa na habari zote kutoka Marekani. "Mwadhani viraka vyaanza huko?" akatuuliza, na kwa kweli alikuwa na hoja. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa bado vimeshikana. Walikata sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaunganisha safu mbili, wakajitanda. Hiyo ndiyo leso ya mwanzo: viraka sita na mshono katikati. Baadaye viwanda vikachapa kipande kizima, na hapa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, akazipa leso zake alama ya "Mali ya Abdulla" ambayo bibi zetu waliitafuta pindoni kabla ya kutoa pesa. Kwa hiyo, akasema Mama Mkubwa, kukata leso na kuiunga upya si uharibifu, ni kuirudisha kwao.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mpwa wa katibu alikuwa anaolewa Kisauni, tukaamua kumshonea mama wa bwana harusi mfarishi wa leso kuukuu, kila mwanachama atoe zake. Katikati tukaweka kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Likazuka suala la majina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso. Mimi nilitaka tuyatoe. Nikashindwa kwa kura: leso ikitolewa jina, waliniambia, ni kitambaa cha meza. Basi kila mtu akakata apendavyo, jina likiangukia popote, na vipande vikaungwa usiku, stima imepotea, kwa mwanga wa simu.

Sufi ilikuwa vita nyingine. Pamba ya plastiki inayouzwa madukani sitaki kuisikia. Kwa hewa yetu utaamka umechemka. Tulichagua sufi ya mti, ile ya mito ya zamani, nyepesi na yenye upepo. Sifa hiyo ya upepo ilithibitika pale stima iliporudi ghafla na feni ikaanza kuzunguka. Sufi ilipaa. Iliingia kwenye chai, kwenye nywele za watoto, na kwenye sufuria ya pilau iliyokuwa imefunuliwa kwa bahati mbaya na mtu ambaye mpaka leo anasema hakuwepo. Iliyobaki tuliitandaza, tukafunika, tukapiga bandi tabaka zote tatu, kisha tukashona mistari ya karibu karibu. Mistari hiyo si urembo. Bila hiyo, sufi yote hujikusanya pembeni siku ya kwanza kufuliwa.

Tatizo la mwisho lilikuwa safari. Mfarishi mpya ukiukunja unafanya makunyanzi, kwa hiyo tuliuzungusha kwenye mwanzi, tukaufunga kwa kitambaa cha kijani kwa kuwa ndicho kilichokuwepo, tukawapa vijana wawili waubebe mabegani. Kitu cha urefu wa futi sita, kimefunikwa kijani, kinaingia feri asubuhi, nyuma yake wanawake wa buibui wenye macho mekundu kwa kukesha.

Watu wakapisha. Mzee mmoja wa kanzu akasema "Innalillahi" na kutoa bega. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu, kwa maana thawabu ya kubeba jeneza haipitwi. Tulipofika ng'ambo ya kisiwani mfarishi wetu ulikuwa na wachukuzi wasiopungua kumi na unapanda mwinuko mbio, huku mzee wa mwanzo akitugeukia: "Wanawake hawafuati jeneza. Rudini nyumbani, sisi tutamzika."

"Ni mfarishi!" akalia katibu. "Jamani, mfarishi!"

"Mola amrehemu Mfarishi," wakaitikia.

Ilibidi wa Changamwe, ambaye hana aibu, apite mbele na kufungua kitambaa cha kijani kidogo. Korosho zikachungulia. Wachukuzi wakatoweka mmoja mmoja kama wadeni. Mzee wa kanzu peke yake ndiye aliyebaki, akapapasa sufi kwa vidole viwili, akauliza bei.

Tulivuka daraja la Nyali kwa tuktuk, mfarishi ukitokeza huku na huku, na tukapokewa Kisauni kwa vigelegele. Mama wa bwana harusi akaomba utandazwe hapo hapo, mbele ya wageni. Ukatandazwa. Rangi zilikuwa nzuri, hilo nitalitetea popote. Kisha akavaa miwani.

Leso iliyokuwa imeandikwa NANI KAMA MAMA ilikuwa imekutana, mshono kwa mshono, na nusu ya ile ya HASIDI HANA SABABU. Akasoma kwa sauti: "Nani kama mama hasidi." Vigelegele vikakatika. Akasogea upande wa miguuni, ambako makaribisho ya mtu yalikuwa yameungwa na mkia wa leso ya mwenye wivu: "Karibu mgeni ajinyonge."

Katibu alianza kueleza habari za Alabama. Hakuna aliyemsikiliza.

Bibi yule alivua miwani, akaupiga mfarishi makofi mawili kupima unene, akasema, "Wanangu, mmenipa kitu nilichokitafuta miaka. Wifi yangu yuaja mwezi ujao kutoka Malindi. Nitamtandikia huu."

Sasa tuna oda kuliko tunavyoweza kushona, na hakuna anayetaka nafasi tupu. Wateja wanakuja na maneno yao na majina ya watu wanaotaka yawafikie. Kwa hiyo mwenye leso kuukuu na atuletee Jumamosi. Nyekundu uiloweke mwenyewe isije ikachujia wenzake, na jina ulisome kabla hujaitoa. Mkasi ukishapita, chama hakipokei malalamiko.