Mtihani wa Vidole Kumi

Asinidanganye mtu kwamba nyimbo za mikono za Kijapani ni michezo ya watoto. Mtoto hachezi, anasimamia. Anayecheza ni mzazi, amepiga magoti sakafuni, jasho linamtoka, huku msimamizi wa miaka mitatu akimkodolea macho kuona kama kidole cha pete kimenyooka.

Huku Japani tunakoishi huziita teasobi-uta, na hakuna pa kuzikimbilia. Kwenye chekechea zipo, kwenye kituo cha watoto cha mtaa zipo, na ukijifungia ndani, shirika la utangazaji la NHK linakuletea sebuleni. Kipindi chao cha Okaasan to Issho kinarushwa tangu 1959, kwa hiyo hata bibi wa jirani anazijua ishara zote na anaweza kukurekebisha mkiwa kwenye lifti.

Chukua ule wa tanuki. Tanuki ni mnyama wa msituni wa huku, kama mbweha aliyepakwa wanja gizani. Kwenye wimbo anaigizwa mtoto anayenyonya, analala, anapakatwa, anabebwa mgongoni, na kila tendo lina ishara yake. Nilikokulia mimi, kumbeba mtoto ni kumbeba mtoto, hakuna aliyetaka uigize. Mwisho mnaagana kwa janken, ile ya ngumi, mkasi na karatasi, na hapo binti yangu hashindwi kamwe, kwa sababu mkono wake hutoka baada ya wangu. Nikilalamika, mama yake hujibu kutoka jikoni: "Baba watoto, hebu mwache mwenzio."

Kuna na wa sanduku la chakula. Unachora kisanduku hewani, unafinyanga matonge ya wali, unapanga tangawizi iliyokatwakatwa, unanyunyiza ufuta wenye chumvi. Mpaka hapo ni mapishi, nayaweza. Taabu huja na mboga: karoti inadai vidole viwili, uyoga wa shiitake vinne, mzizi wa gobo vitano, kwa kuwa majina ya mboga hizo kwa Kijapani yanaanza kama namba. Ukimaliza, hujamaliza. "Baba, sasa cha tembo!" Chakula kilekile kinafungwa upya kwenye sanduku la tembo, kwa mikono iliyotanuliwa. Na nyumba zetu hizi za kupanga, ukitanua mikono ya tembo unagonga friji na ukuta kwa pamoja. Akishiba tembo, anakuja sisimizi, naye anataka sanduku lake.

Nami siwezi hata kujitetea kwa ugeni, maana muziki wa nyimbo hizi naujua. Ule wa kugusa kichwa, mabega na magoti wameupandisha juu ya lahani ya London Bridge. Ule wa kuunda konokono kwa ngumi moja na mkasi mmoja ni Frère Jacques, niliyoimbishwa chekechea kwetu. Na ule wa mwenye furaha kupiga makofi, ambao kwetu ni wa shule ya Jumapili, kijana Mjapani aitwaye Kimura Rihito aliusikia Ufilipino mwaka 1959, akaandika maneno ya Kijapani, na mwaka 1964 mwimbaji Sakamoto Kyu akausambaza nchi nzima. Tangu hapo hakuna Mjapani anayeruhusiwa kufurahi akiwa ametulia.

Lakini mwenye kesi kubwa ni Jean-Jacques Rousseau. Ndiyo, mwanafalsafa yule. Wimbo wa kukunja na kukunjua ngumi, Musunde Hiraite, lahani yake inatokana na opera ya Rousseau ya mwaka 1752. Wajapani waliiingiza kwenye kitabu cha nyimbo za shule mwaka 1881, ikiwa na maneno tofauti, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikawa hivi tunavyoimbishwa leo. Sasa huyu bwana aliandika kitabu kizima kuhusu malezi, Émile, ilhali watoto wake mwenyewe alikuwa amewapeleka wote kituo cha watoto wa kuokotwa. Yeye alikwepa zamu, mimi karne mbili na ushei baadaye ndiye ninayekunja ngumi kwa niaba yake.

Wimbo wa Alps Ichimanjaku sitaki kuuzungumzia sana. Mnatazamana, mnapigana viganja kwa lahani ya Yankee Doodle, na kila mkirudia mnaongeza kasi. Maneno yanahimiza watu wakacheze ngoma juu ya Koyari, jiwe lililochongoka kando ya mlima Yarigatake, kimo cha mita 3,000 na zaidi, ambako wapandaji huenda na kamba. Anayetaka kucheza ngoma pale aandike wosia kwanza.

Walimu wa chekechea ndio wanaojua siri ya biashara hii. Kuna wimbo wa kubebanisha ngumi: chini ya kidevu unakuwa mzee wa ndevu, shavuni mzee mwenye nundu, puani zimwi tengu mwenye pua ndefu. Mwalimu mjanja humalizia kwa mikono magotini, na darasa lililokuwa linapiga kelele linanyamaza, hadithi inaanza. Siku ya kutembelea darasa nilimwona mmoja akifanya hivyo. Nilipogeuka, wazazi wote kule nyuma nao walikuwa wametulia, mikono magotini.

Kwetu mchezo wa vidole ulikuwa na adabu kwa wakubwa. Vidole vinne vinapanga kwenda kuiba, gumba linakataa, ndiyo maana limejitenga. Vidole vilivyotumika ni vya mtoto. Bibi yeye amekaa zake mkekani.

Kwa hiyo katika nyimbo zote hizi naupenda Ipponbashi peke yake. Mtoto ndiye anayetoa mkono. Unampitishia kidole kiganjani, unampiga kikofi kidogo, unamfinya kidogo, kisha kidole kinapanda ngazi za mkono wake mpaka kwapani, unamtekenya, mchezo umekwisha. Aliyeubuni alikuwa na huruma na wazazi.

Ila juzi binti yangu amedai zamu yake. Anasema mkono wa baba una ngazi nyingi zaidi, na haruki hata moja. Akifika kwenye kiwiko husahau amefikia ya ngapi, anarudi chini kuanza upya.