Maji Hayana Adabu: Hotuba ya Bingwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliofuata soda: mbele yenu amesimama Bingwa Mkuu wa Maji, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mwenye hadhi ya kunitunuku.

Maji huganda kwenye nyuzi 0, huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ndiyo sheria. Msinitajie Anders Celsius. Yule Mswidi mwaka 1742 aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, wenzake wakaja kukipindua kipimo chake. Ningekuwepo, wasingesumbuka.

Sasa oneni utovu wa adabu. Dar es Salaam maji yanaiheshimu 100. Yapandisheni Nairobi, yanatokota kwenye 95 hivi. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, hayafiki hata 85: ni 80 hivi, yameshaanza kuruka! Wanafizikia wanayatetea, eti huko juu kanieneo ya hewa ni ndogo, mvuke unatoka bila kubanwa. Ndiyo maana mpagazi akibandika maharage kambini yanacheza sufuriani usiku kucha, na asubuhi bado mawe. Dawa ni sufuria ya presha, inayoyabana maji mpaka karibu 120 ndipo yachemke. Hayo ndiyo malezi.

Na ubishi je? Sufuria ikishatokota, mama ntilie amwage gunia zima la mkaa, maji hayaongezi hata nyuzi moja. Moto wote unaishia kwenye mvuke. Yakiganda, badala ya kusinyaa kama vitu vingi vyenye heshima zake, yanafura kwa karibu asilimia 9 na kupasua chupa za watu kwenye friza. Ya bahari, kwa jeuri ya chumvi, hayagandi mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kile kitoto cha shule ya Magamba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari, aliingiza maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza bila kungoja yapoe, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hapo elimu ilikuwa salama. Kumbe hakukoma! Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wenzake. Na Osborne, mtu mzima na shahada zake, badala ya kucheka akaenda kupima! Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo maprofesa wa dunia wanabishana kama jambo hilo lipo, na kama lipo, kwa nini. Wangeniuliza mimi, ningewajibu bila kupima chochote.

Muda wa maswali ni mfupi. Naam, kijana wa nyuma… mbona una vikombe viwili, na kimoja kinafuka moshi? Friza ya ukumbi inakuhusu nini? Mlinzi! Mtoe huyo.