Mbuzi wa Mtu Mmoja

Ukoo mzima ulichanga ili mtoto wa kaka yangu aende Kampala kujifunza Kiingereza. Shangazi zake waliuza maharagwe, kaka aliomba zamu yake ya likelemba, ule mchango wetu wa zamu, kabla haijafika, na mimi nilimtoa mbuzi jike mwenye mimba, jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka tumbo linanikata. Kijana amerudi Kasugho na Kiingereza chake. Kizuri, sikatai. Ila amerudi na jingine pia: kwamba yeye hadaiwi na mtu.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia. Ni mtoto wa pili wa kiume, na sisi Wanande tunalo jina la mtoto wa pili wa kiume hata kabla mama yake hajaolewa. Liite sokoni Butembo uone wanaume wangapi watageuka. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, marehemu baba alikuwa mwalimu, na alikuwa akitusimulia jinsi alivyolazimika kuwatofautisha watoto wa darasa lake kwa rangi ya shati. Sasa kijana aliyepewa jina kwa kufuata foleni ndiye anayetufundisha kwamba kila mtu ni wa peke yake.

Chanzo ni kitabu. Kwa Kiingereza kinaitwa Atlas Shrugged, na Kifaransa chake kilitoka mwaka 2011 kwa jina La Grève. Kina kurasa zaidi ya elfu moja, na mama watoto amegundua kwamba kinafaa sana kukandamizia kifuniko cha sufuria ya sombe. Aliyekiandika ni mama mmoja, Ayn Rand, mzaliwa wa Urusi mwaka 1905. Wabolsheviki walimnyang'anya baba yake duka la dawa, naye mwaka 1926 akaenda Marekani akiwa na hasira ambayo haikupoa mpaka alipokufa mwaka 1982. Hapo kwenye duka namwelewa kabisa. Kwetu ukimpokonya mtu duka lake, vitukuu wake watakuja kukuonyesha lilipokuwa.

Kijana amenieleza kisa chote bila mimi kumwomba. Wavumbuzi na wenye viwanda wanachoka kubebeshwa wavivu, wanagoma, wanajificha katika bonde moja huko Colorado na kuiacha dunia ioze. Bondeni humo hakuna anayempa mwenzake kitu cha bure. Shujaa mwenyewe anapotaka gari la rafiki yake kwa siku moja, anamlipa kodi ya senti 25. Mimi nilicheka, nikidhani tumefika mahali pa kuchekesha. Kijana hakucheka. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Baba mdogo," akaniambia, akiwa amekaa kwenye kiti changu, "huo ndio utu. Huibi, hudanganyi, huombi. Unabadilishana. Faida yako ndiyo dira yako."

Nikamuuliza kiti amekikodi kwa nani. Akasema mambo ya nyumbani tutayazungumza baadaye.

Salongo iliyofuata, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, aligoma. Maji ya mvua yalikuwa yameikata barabara pale chini ya kilima, pikipiki zinalala ubavuni na abiria wake, na shefu alikuwa amepita jioni kuhimiza kila nyumba itoe mtu na jembe. Nyumba yangu ilimtoa mimi, na mgongo huu mnaoujua. Kijana alikuja, sisemi hakuja, lakini alikuja mikono mitupu, akasimama juu ya tuta na kuhutubia. Akasema Wabelgiji waliwalazimisha babu zetu kulima mazao ya lazima siku 60 kwa mwaka tangu 1917. Akasema Mobutu naye alichukua kazi ya lazima, akaivalisha wimbo na ngoma na kuiita salongo. Akauliza tofauti iko wapi kati ya kiboko cha Mbelgiji na orodha ya shefu.

Hoja ilikuwa nzuri. Wazee wawili waliegemea majembe yao wakatikisa kichwa kwa kukubali, na ndio waliokuwa wakichimba kwa bidii kuliko wote, kwa hiyo kazi ikasimama. Shefu hakubishana. Alisema tu, "Sawa, mwanangu, nenda nyumbani."

Kesho yake kijana alikuwa na safari ya Butembo. Pale pale chini ya kilima akakuta vijana wa rika lake wamefunga kamba kuvuka barabara, kila anayepita atoe franka 500 za kazi yao, isipokuwa waliochimba. Nani angewalaumu? Hawakuiba, hawakudanganya, hawakuomba. Kijana wangu alilipa. Alipokuwa akirudi akalipa tena. Usiku ule alikula kimya, na mimi nilikula vizuri sana.

Msidhani alishindwa. Aliupeleka mjadala kyaghanda, mbele ya wazee, kwenye moto, mahali ambapo mtu wa umri wake huenda kusikiliza na kuongeza kuni. Huko akaeleza kwamba huyu Ayn Rand hakuwa mtu wa fujo. Serikali aliitaka, ila ndogo, yenye kazi tatu tu: polisi, jeshi na mahakama. Mengine yote watu wajifanyie wenyewe kwa pesa yao na akili yao.

Mzee mmoja akamwomba arudie. Akarudia.

Basi wazee wakaanza kuhesabu, na ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumeishi ndani ya kitabu kile bila kukisoma. Shule? Kwa miaka mingi mzazi ndiye aliyemlisha mwalimu kwa mchango wa primu, mpaka mwaka 2019 tulipotangaziwa kwamba shule ya msingi ni bure. Daraja? Mbao zetu, misumari yetu. Taa? Anayetaka anunue sola yake. Chuo? Butembo haikungoja Kinshasa: mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, Kanisa lilifungua Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Hata gorila wa msitu wa Tayna, waliokaa chini na kukubaliana walindwe ni bami, yaani machifu, wa Batangi na Bamate na watu wao. Muhuri wa serikali ulikuja nyuma, kama kawaida yake. Na Wakongo wote, kutoka Matadi hadi Kasindi, wanaijua artikle 15, ile ambayo haimo katika katiba na ndiyo pekee inayofuatwa: jitafutie.

"Kwa hiyo," mzee akasema, "yote ambayo huyo mama hakutaka serikali ifanye, yetu haiyafanyi. Zimebaki zile tatu. Polisi. Jeshi. Mahakama." Akachochea moto. Tangu Mei 2021 jimbo letu linaongozwa na gavana mwenye magwanda, na kila mtu pale kyaghanda alijua ni ndugu gani amezikwa na nani baada ya hapo. "Mwambie atuletee hizo tatu. Ubinafsi tutajifunza wenyewe."

Kijana akasema mwandishi ameshafariki. Mzee akasema ndiyo, alidhani hivyo.

Nimrudishie haki yake, maana safu hii si ya kumsema mtoto tu. Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na watu wakapanda kaskazini na magodoro vichwani, tulipokea familia moja nyumbani. Kijana ndiye aliyetoa kitanda chake, kabla hata sijafungua mdomo, akalala jikoni kwenye mkeka. Nilipomwambia ni jambo jema aliudhika. Akasema si wema, ni hesabu: yule baba anajua kutengeneza simu na atamfundisha, tena yeye anapenda kuishi na watu waliolala vizuri kuliko na watu wanaolia. Mtu anatafuta sababu za ubinafsi usiku kucha ili asishikwe akifanya wema. Nimeishi miaka mingi na watu wanaofanya kinyume chake, wengine wana viti vya mbele kanisani, kwa hiyo hapo sikusema kitu.

Ila kuhusu wafanyabiashara wa Butembo nilisema. Yeye anawataja kama watakatifu wake: tazama, baba mdogo, maghorofa yale, kontena kutoka Guangzhou na Dubai, nani aliwasaidia? Nikamwambia aende akawaulize. Kontena moja lina mali ya watu wengi, waliochanga kwa sababu hakuna mmoja wao aliyeweza kulijaza. Pesa nyingine zinasafiri bila karatasi, kwa neno la shemeji tu. Akikudhulumu huendi mahakamani (hiyo ni mojawapo ya zile tatu), unakwenda kwa baba yake mkubwa, na wiki hiyo hiyo hakuna atakayemkopesha hata katoni ya sabuni. Faida wanaitafuta, tena kwa meno. Hakuna mtu wa Butembo aliyewahi kuhitaji Mrusi wa kumfundisha faida. Lakini wanaitafuta wakiwa wameshikana mashati, kila mmoja akichungulia mfuko wa mwenzake, na huyo anawaita watu huru!

Maneno haya yote mama watoto aliyasikia akichambua maharagwe. Mimi na kijana tulikuwa tumezoea kumwona pale kama tunavyouzoea ukuta. Siku moja akauliza, "Huyo mama mwenye kitabu, alikuwa na mume?"

Alikuwa naye, kijana akasema. Frank O'Connor, mwigizaji wa sinema aliyekuja kuwa mchoraji.

"Nani alikuwa anapika?"

Kurasa zaidi ya elfu moja, na kijana hakuwa na jibu.

"Na mimi," akasema, "ni mtu mmoja? Au ni nyinyi wanaume tu?"

Kijana, kwa ile furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi, akasema bila shaka, mama mdogo, wewe ni mtu kamili, jasho lako ni mali yako. Nilijaribu kumkonyeza. Giza lilikuwa limeshaingia.

Mavuno yale mama watoto hakuniletea pesa ya maharagwe. Aliipeleka kwenye likelemba ya akina mama, na zamu yake ilipofika akanunua mbuzi wawili na kuwafunga nyuma ya jiko. Nilipomuuliza kwa nini hakunitaka ruhusa, akaniambia kwamba ile sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyomtaka mke aombe kibali cha mume kila anapotaka kuweka sahihi, ilibadilishwa mwaka 2016. Akina mama waliambiwa kwenye kikao. Mimi husikiliza redio kila jioni na hilo lilinipita. Tangu hapo, nikitaka pesa ya pombe ya kasiksi naeleza sababu, na sababu zangu, nazijua, si imara. Kijana naye anadaiwa: sahani ya jioni ina bei, ya asubuhi ina bei, na kuosha sahani kunapunguza deni. Ameandika yote kwa kalamu nyuma ya jalada la kile kitabu. Anasema ni kitabu chenye manufaa kuliko alivyofikiri.

Nyumbani mwangu, kwa hiyo, yuko anayehubiri falsafa hiyo na yuko anayeiishi, na mimi ndiye ninayeigharamia.

Sasa jambo lililotokea juzi. Kijana amepata msichana, wa upande wa Butembo, mwenye heshima zake, na baba wa msichana ni mtu wa zamani: anataka mbuzi, tena wa kutembea kwa miguu yao, si bahasha. Mbuzi wa mahari, kwa desturi yetu, hawatoki kwa mtu mmoja. Mmoja anatoka kwa baba, mwingine kwa baba mdogo, mwingine kwa mjomba, ndiyo maana mke anakuwa wa ukoo na ukigombana naye watu kumi wanakuja kukuamulia. Basi kijana alikuja asubuhi, shati limepigwa pasi, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye benchi. Kiti aliniachia.

Nikamuuliza kama mtu wa faida yake mwenyewe anaweza kupokea mbuzi wa ukoo. Alikuwa amejiandaa. Akasema hata Ayn Rand uzeeni alipokea pensheni ya serikali aliyoipinga maisha yake yote, na wala hakujipinga: alikuwa ameandika kwamba aliyekamuliwa kwa lazima ana haki ya kurudishiwa chake. Naye, akasema, likizo zake zote za utoto alipalilia shamba langu bila mshahara. Kwa hiyo haombi. Anadai.

Nikaitaja Kampala. Nikamtaja yule mbuzi jike, na mimba yake. Akasema huo ulikuwa uwekezaji wangu wa hiari na kila uwekezaji una hatari zake. Tukapandishiana sauti mpaka mama watoto akatoka jikoni akifuta mikono. Alisema asubuhi nzuri kama hii haifai kuharibiwa. Mbuzi wake wawili wapo, atawatoa, bila maneno. Baada ya mwaka mmoja wanarudi watatu.

Kijana alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama ninayeweza kusaidia.

"Mama mdogo," akasema, "kweli, sisi kwa sisi? Kwani watu wa nyumba moja wanatozana riba?"

Akamjibu kwamba mbuzi wa pili ana pembe moja, na kwa huyo atampunguzia.