Mtungi Mtupu na Mzani wa Bibi

Gesi huisha wageni wakishakaa. Jumapili ile mchele wa pilau ulikuwa umekunywa supu lakini kiini bado, moto ukafa. Mama Asha akapaza sauti: "Shemeji, nisaidie mtungi uliojaa, uko barazani!" Shemeji, mbele ya wakwe, akakunja mikono ya kanzu.

Barazani palikuwa na mitungi miwili ya kilo 15, rangi moja, kutu moja. Akaushika ule mtupu. Sasa, ubongo haungoji kitu kishikwe ndipo ujue uzito wake. Hukisia mapema, kwa macho na mazoea, ukaiagiza misuli itoe nguvu kabla kitu hakijaondoka chini. Shemeji akaunyanyua mtungi mtupu kwa nguvu za mtungi uliojaa. Ukamrukia hadi kidevuni, akaenda kinyumenyume, kisogo kikaigonga rafu, ndoo ya unga wa ngano ikammwagikia kuanzia kofia hadi viatu. Mtungi hakuuachia.

"Mtungi hutikiswa kwanza, baba," Bibi akasema.

Wakati shemeji anajipangusa, kijana wetu wa kidato cha nne, akitaka kutuonyesha ubongo unavyokisia uzito, akajaza mchanga kopo dogo la maziwa ya unga, kisha akatia mwingine kwenye ndoo ya rangi, mpaka mzani wa jikoni ukasoma sawasawa. Tukanyanyua mmoja mmoja. Wote tukaapa kuwa kopo dogo ndilo zito. Daktari Mfaransa Augustin Charpentier aliliandika jambo hili mwaka 1891, na maelezo yaliyozoeleka ni haya: kikubwa tunakitarajia kiwe kizito, kikija chepesi kuliko tulivyokisia, wepesi wake unatiwa chumvi. Mwaka 2000 Flanagan na Beltzner, watafiti wa Kanada, wakaonyesha jambo la ajabu zaidi. Vidole vikirudia kunyanyua hujirekebisha, vikatoa nguvu inayostahili kila kitu. Mwenye vidole anaendelea kuapa vilevile. Mkono umeshaelewa, mwenyewe hataki kusikia. Nina ndugu wengi wa namna hiyo.

Bibi alionyeshwa mzani mara mbili. Akanyanyua kopo, akanyanyua ndoo, akautazama mzani kwa huruma. "Huu umeharibika. Urudisheni dukani."

Kijana akaanza kumweleza habari za Charpentier, lakini akatumwa mkaa haraka: shemeji alikuwa ameutikisa mtungi wa pili, nao mtupu.