La Mbegu Hilo!

Nguo zangu zinaangukia matopeni kwa sababu vibanio vyote viko kwenye maua ya maboga. Naomba mnielewe hivyo mnaponikuta kituo cha daladala na shati lenye doa la udongo mgongoni. Wake wa wenzangu wana vikoba. Wangu ana vikopo. Anahifadhi mbegu za mboga za asili.

Ikifika jioni anazunguka shambani, na shamba lenyewe ni kipande cha uwanja kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani. Anatafuta matumba ya boga yaliyoanza kuingia umanjano kwenye ncha, maana hayo ndiyo yatakayochanua kesho. Anayabana midomo kwa vibanio vyangu, dume na jike. Asubuhi, chai haijachemka, ameshachuma ua dume, amelinyofoa petali zote, anampakaza bibi harusi chavua, kisha anambana tena asiingiliwe na mtu. Mtu mwenyewe ni nyuki. Jirani yetu amepanda boga la dukani, na nyuki hajui ukuta ni nini. Akitoka kule anatua huku na chavua miguuni. Tunda la mwaka huu halitaonyesha kitu, litakuwa lilelile, lakini mbegu zake ukizipanda mwakani utavuna mtoto ambaye pande zote mbili zitamkana. Boga letu limetoka kwa bibi yake mke wangu, Lushoto, na dukani halipo. Kwa hiyo lina ulinzi. Harusi yetu sisi haikusimamiwa namna hiyo. Mpishi alikimbia na nusu ya nyama na hakuna aliyemfuata.

Haya, ua limeshika, boga limenenepa, limefungwa uzi mwekundu kwenye kikonyo. Na hapo ndipo penye kidonda changu. Mbegu haichukuliwi kwenye tunda lolote tu, inachukuliwa kwenye lililo bora. Boga zito kuliko yote, la mbegu. Nyanya chungu iliyojaa, isiyo na tundu la mdudu, ya mbegu, iachwe mpaka iwe nyekundu. Mchicha wenye majani mapana, uliochelewa kutoa maua, wa mbegu. Sisi wenye tumbo tunakula waliofeli mtihani. Kuna siku niliona bamia changa, za kijani, zile ambazo ukizigusa ncha inavunjika yenyewe, nikaanza kupanga habari za dagaa. "Baba watoto, usiguse, za mbegu hizo." Nikawa nazipita kila siku nikienda kazini. Zikarefuka, zikawa ngumu, zikabadilika rangi, zikapasuka mistari, mwishowe upepo ukivuma zinalia njuga. Dagaa nilikula na kabichi.

Ndani ya nyumba ndiyo usiseme. Dirishani jikoni kuna glasi ya ute wa vinyanya vya kijijini. Mbegu ya nyanya ina ute unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda, kwa hiyo lazima uchachushwe siku mbili tatu mpaka utoe povu na ukungu mweupe juu, ndipo mbegu zisafishwe. Jirani yuleyule wa boga la dukani aliingia, akanusa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitu kile kinauzwa kwa glasi au kwa chupa.

Juu ya gazeti langu kuna mnavu unakauka. Gazeti la jana, sikatai, lakini mimi gazeti la jana ndilo ninalosoma leo. Kwenye ungo kuna mgagani, nao haupandwi. Umevunwa, umepepetwa, mbegu ni za kwetu, na bado haupandwi, kwa sababu mbegu ya mgagani ikitoka kwenye mche hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota vizuri. Nimeelekezwa tuiache ipumzike. Katika nyumba hii, mimi nina watoto watatu na mkopo, lakini anayeruhusiwa kupumzika ni mgagani.

Adui mkubwa ni unyevu, na huu wa Dar es Salaam unaujua mwenyewe, hata biskuti hailali usiku mmoja ikaamka salama. Kuna kipimo chake. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mbegu na chumvi kavu, unatikisa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mbegu bado zina maji. Ndiyo maana yai langu la kuchemsha nalila bila chumvi. Zikikataa kukauka, unakaanga mchele bila mafuta mpaka ukauke kabisa, unaufunga kwenye kitambaa ungali mkavu, unauweka ndani ya chupa na mbegu, unaziba kifuniko, nao unanyonya unyevu uliobaki. Nilirudi jioni moja nikasikia harufu ya mchele jikoni, moyo ukafurahi, nikanawa mikono kabisa. Mchele ulikuwa wa mbegu. Tulikula ugali.

Kisha mbegu zinahamia kwenye friji. Kuna Mmarekani mmoja, James Harrington, aliyeacha kanuni inayosema kila ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanaongezeka mara mbili, na kila ukipunguza joto la ghala kwa nyuzi 5, vilevile. Sina ugomvi naye, lakini hakufikiria soda zangu ziende wapi. Kunde zenyewe zimepanda daraja, zimeingia friza, kwa kuwa fukusi hutaga kwenye maganda hukohuko shambani na unayaleta mayai nyumbani bila kujua. Siku kadhaa za baridi kali yanakufa. Nilimtuma mtoto aniletee samaki changu, akaniletea kunde. Halafu chupa ikitoka kwenye friji haifunguliwi hapohapo, inasubiriwa ipate joto la chumba isije ikaingiwa na jasho. Tunaisubiri wote, kimya, tumeitazama.

Nilijaribu kumwambia kuna duka la pembejeo barabarani. Akanionyesha pakiti yenye herufi F1. Hiyo ni chotara, akasema, inazaa vizuri msimu mmoja, ila ukihifadhi mbegu zake watoto wanatawanyika, huyu kamfuata babu, huyu shangazi, na wewe unarudi dukani na pesa. Ni kweli zipo pakiti za dukani zisizo chotara, na hizo mbegu zake unaweza kuzirudia, lakini hakuna pakiti ya mnavu wa mama yake mzazi.

Nikamwambia basi kazi hii ina wenyewe. Arusha pale, World Vegetable Center wana hifadhi ya mbegu za mboga za Kiafrika. Kule Svalbard, Norway, tangu mwaka 2008 wamechimba mlima wanatunza mbegu za dunia kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Wewe na friji yetu inayozima umeme ukikatika, unashindana nao? "Na hizo zao walizitoa wapi," akaniuliza, "kama si kwa wakina mama?" Nikabaki na hoja moja tu, kwamba wao hawatumii vibanio vya nguo.

Nikamtisha na sheria. Wenzetu Kenya walitungiwa ya mwaka 2012, iliyoweza kumfikisha mkulima gerezani hadi miaka 2 au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuziana au kupeana mbegu ambazo hazijathibitishwa. Wakati huo mama mkwe alikuwa sebuleni kwetu akifungua pindo la khanga, na ndani ya fundo kulikuwa na mbegu za ngogwe. Mke wangu alinisomea kwenye simu kwamba Mahakama Kuu ilishavitengua vifungu hivyo Novemba 2025. Mama mkwe akaniangalia. "Mwanangu, ulitaka nifungwe?" Nikamwambia shikamoo mama, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

Wiki iliyopita boga la uzi mwekundu likaiva. Sikufurahi haraka. Likitoka shambani hukaa kwanza, mbegu ziendelee kukomaa ndani, na hili lilikaa chini ya meza ya televisheni kiasi kwamba wageni walianza kuuliza habari zake. Jumapili likapasuliwa. Mbegu zikaenda kwenye gazeti, nyama yake ikaenda kwenye sufuria na tui zito, na nikaambiwa niketi, kwa kuwa boga lisilo na ladha mbegu zake hazihifadhiwi, na lazima pawepo wa kuonja.

Jamani, lile boga. Linaiva likimung'unyika, tamu bila sukari, tui limeingia mpaka ndani. Nilikuwa nimefika katikati ya sahani aliponiuliza, "Enhe, likoje?" Nikapiga hesabu. Nikisema tamu, ni vibanio tena mwakani. Nikisema baya, mbegu ni za kuku na mashati yangu yamepona.

"Limepooza kidogo," nikasema.

Akanyoosha mkono, akaivuta sahani upande wake. "Basi usijitese, baba watoto. Kuna ugali wa jana."