Do Iko Wapi?

Jumamosi iliyopita kijana wetu wa kinanda alituvua nguo mtaa mzima. Harusi ya watu, bibi harusi kashafika mlangoni, mama mmoja wa kwaya kaanzisha wimbo pale pale koo lake lilipoona panamfaa. Kijana akaanza kusaka. Kidole hapa, siko. Kidole pale, siko. Kinanda chenyewe cha kuazima, na kile kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo kimekufa. Sasa yeye tangu aanze kupiga anajua zile nyeupe za C tu. Wimbo ukienda juu, anabonyeza kitufe. Ukishuka, anabonyeza kitufe. Siku kitufe kimegoma, bibi harusi wa watu kaingia kwa vigelegele, kinanda kinakohoa nyuma yake kama bajaji inayomaliza mafuta.

Leo asubuhi kaja kijiweni, kavuta kikombe cha kahawa, kang'ata kashata, anasema: "Mimi kipaji ninacho, kinanda ndicho kibovu."

Mfyuuu! Msonyo alioutoa mzee wetu, yule aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi, ulikuwa mrefu kuliko foleni ya mwendokasi.

"Mjukuu wangu, do ilikuwa wapi?"

"Do ipi tena, babu?"

Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

Jamani, swali lilikuwa dogo. Do haina kibonyezo chake cha kudumu, inahama. Mama akiuweka wimbo kwenye G, do ni G. Akiuweka kwenye E, do ni E, na re, mi, fa zinajipanga nyuma yake kwa hatua zile zile. Do ni pale wimbo unapotaka kwenda kukaa ukichoka. Na nyimbo nyingi haziondokei hapo: zinaanzia sol ya chini, kisha zinarukia do. Ndicho alichofanya yule mama. Kijana akaikamata sauti ya kwanza kabisa, akaifanya nyumbani, akajenga humo. Angekuwa na kitufe kizima angepotea vile vile, ila angepotea kwa kasi.

Na huyo mama mnamjua, ndiye huyu anayetukaangia vitumbua. Mpe karatasi yenye d, r, m, nukta na nukta pacha zake, atakuimbia sauti ya pili wimbo ambao hajawahi kuusikia, huku anageuza vitumbua. Hajamwomba mtu ampigie kwanza "aushike". Mwalimu wa kwaya aliwasumbua na hizo herufi jioni baada ya jioni, sisi tukipita dirishani tunawacheka.

Kuna anayedhani mambo haya yalitungwa na magwiji ili kuwatesa watoto wa maskini. Aka! Kule Uingereza mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyebuni mbinu ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi. Miaka ya 1840 mchungaji John Curwen, ambaye nota za mistari mitano zilikuwa zinamsumbua mwenyewe, akaichukua na kuiendeleza, nayo ikasafiri na wamisionari hadi kusini mwa Afrika. Mwalimu wa shule Enoch Sontonga alipotunga huko mwaka 1897 ule muziki tunaousimamia wima kama Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa herufi hizo hizo.

"Lakini babu, wewe mwenyewe hukusoma nota," kijana akajibu. Kimdomo hicho!

Ni kweli, hakusoma. Hebu sikieni alivyokuwa anashika solo za Wakongo. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika. Solo ikimshinda kwa mbio, anaiweka kwenye 33, vidole vya mwenzake vinatambaa, anavihesabu kimoja kimoja. Ila santuri ikipunguzwa mwendo, sauti nayo inaporomoka, nusutoni 5 na ushei. Ule ushei ndio ulikuwa unamuua: haupo kwenye gitaa. Basi anazilegeza nyuzi zote sita kidogo kidogo mpaka zikubaliane na santuri, anashika solo huko chini, kisha anakaza tena na kuipandisha yote mahali pake, kichwani. Kila wimbo alifanya hivyo. Nadharia aliijua, majina yake tu ndiyo hakuyajua wakati huo, na anasema wazi kwamba angeyajua asingepoteza miaka.

Jirani mmoja akadakia eti siku hizi kuna mashine, masikio ya nini. Loh! Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mtu aliyetokea kwenye kuchambua mawimbi ya kutafutia mafuta ardhini. Nayo, ukitaka ikunyooshee sauti vizuri, prodyuza lazima aiambie wimbo uko ufunguo gani na skeli gani. Yaani mashine nayo inauliza do iko wapi! Ukiidanganya, inakuburuta kwenye nota isiyo yako, tena kwa usahihi mkubwa.

Na wewe unayenong'ona kuwa haya ni ya Wazungu, nenda Zanzibar ukamwambie mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi. Taarabu ina maqam zake, yaani skeli zake, Rast, Bayati, na kanuni ina vibati vidogo anavyovipandisha na kushusha kuipata ile sauti ya tatu ya Rast, inayokaa katikati ya cheupe na cheusi cha kinanda chako. Kitufe chako kitaipatia wapi?

Mzee akachukua kikombe kitupu, akakigonga kwa kucha. Ting.

"Hiyo ndiyo sol. Niimbie do."

Kijana akapanda, akapitiliza. Mfyuu. Akarudia, akaishia njiani. Mfyuu.

"Vikombe hivyo vina wenyewe," muuza kahawa akasema. "Kikipasuka nani analipa?"

Ting. Kijana akafumba macho, akaimba ile sol kwanza polepole, la, ti, kisha akatua. Mzee hakusonya. Akasogeza kikombe chake kijazwe.