Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Birthday za Magari

Kwa:
Mamlaka ya Taifa ya Usalama Barabarani (NHTSA),
Washington, Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KUGUNDUA KWAMBA MIAKA HUTENGENEZA BREKI

Waheshimiwa,

Wauzaji wa magari ya zamani duniani wamekaa muda mrefu bila kuwashukuru. Utovu huo wa adabu unarekebishwa leo.

Chini ya sheria iliyotungwa na Bunge lenu mwaka 1988, gari lililoundwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine haliingii Marekani kirahisi mpaka lifikie viwango vyenu vya usalama, au lifikishe miaka 25. Hilo la pili ndilo linalostahili nishani. Nissan Skyline GT-R ya kwanza ya aina ya R32 ilitoka Agosti 1989. Julai 2014 ilikuwa tishio kwa watoto wa shule wa Texas. Mwezi uliofuata ikawa kumbukumbu ya thamani. Hakuna aliyegusa bampa, hakuna aliyefunga mifuko ya hewa, na brekipedi zilikuwa zilezile. Hatari iliiva yenyewe kama embe la kuvundika.

Wenzenu wa mazingira, EPA, wana moyo mwepesi zaidi: kwao miaka 21 inatosha, mradi injini ni ile ya asili. Ina maana ipo miaka minne ambayo gari la Kijapani halina madhara kwa mapafu ya Mmarekani, ila bado ni hatari kwa mbavu zake. Sayansi ya namna hiyo haipatikani kila mahali.

Mnunuzi wa Texas akishakubaliana bei na mwuzaji wa Yokohama, kazi inaanza. Gari linafutwa kwenye usajili, namba zinavuliwa, na cheti cha kuliruhusu kutoka nchini kinachukuliwa. Chini linapigwa maji ya presha hadi kwenye matao ya magurudumu, kwa sababu udongo wa kigeni hauruhusiwi kuingia Marekani hata ukiwa umekauka kwenye springi. Mafuta yanaachwa kidogo tu kwenye tangi, waya wa betri unachomolewa, magurudumu yanawekewa vigingi vya mbao na gari linafungwa kwa mikanda ndani ya kontena. Forodha yenu nayo inataka taarifa za mzigo saa 24 kabla haujapakiwa melini. Anayechelewa anaweza kutozwa dola 5,000.

Baada ya hapo linakuja swali la umri. Kibao cha chesisi cha Skyline hiyo kinasoma BNR32 na tarakimu sita mbele yake. Namba ya herufi na tarakimu 17 mliyoizoea haipo, wala mwezi wa kutengenezwa haujaandikwa. Maelekezo yenu yanamtaka mwenye gari atafute ankara ya mauzo ya kwanza, au hati inayoonyesha kwamba lilisajiliwa walau miaka 25 iliyopita. Vikikosekana vyote, mnaweza kupokea tamko la chama kinachotambulika cha historia ya magari. Breki zinaweza kuwa zimeoza; mradi wazee wamelishuhudia gari kwamba limekua, fomu HS-7 inajazwa na geti linafunguliwa. Ndiyo maana Japani kuna magari yaliyokwisha kulipiwa, yanakaa yadi yakisubiri mwezi wao ufike.

Msimamo wenu haumwonei mnyonge peke yake, na hilo nalo lisifiwe. Bill Gates alinunua Porsche 959, gari ambalo Porsche haikulipitisha kwenye majaribio yenu ya kugongeshwa, likakaa mikononi mwa forodha miaka ipatayo 13. Mwaka 1999 ukapatikana mlango mwembamba kwa magari adimu ya maonyesho: yaendeshwe, lakini yasizidi maili 2,500 kwa mwaka. Inaelekea maili ya 2,501 ndiyo inayoua.

Yapo mambo madogo ambayo wenye kijicho huyataja. Kanada husamehe gari likifika miaka 15. Mkazi wa Windsor akiwa na Skyline ya miaka 16 anaweza kuvuka mto kuingia Detroit kama mgeni na kutembea nayo kwenye barabara zenu hadi mwaka mzima. Jirani yake wa Detroit akilinunua gari hilohilo, linageuka hatari. Kumbe tatizo ni pasipoti ya dereva.

Wenye kijicho hao hukumbusha pia kwamba katikati ya miaka ya 1980 Wamarekani walikuwa wakijiletea magari kutoka Ulaya kwa makumi ya maelfu kila mwaka, Mercedes zikiwa mstari wa mbele kwa kuwa bei yake kule ilikuwa nafuu. Mercedes-Benz ya Marekani na mawakala wake wakapiga hodi bungeni, fedha zikatumika, sheria ikapatikana, na mwaka 1995 magari hayo yalikuwa yamebaki mamia tu. Tafsiri ya kwamba usalama uliolindwa ni wa mauzo, waachiwe wenyewe.

Mnaposherehekea, wakumbukeni pia wenzenu wa Nairobi. Skyline R34 ya mwaka 2002, kwenu haijakua hadi 2027. Mombasa ilishazeeka siku nyingi, maana Kenya haipokei gari la mtumba lililopita miaka minane. Gari moja, kutoka mnada mmoja wa Japani, ni kikongwe Kilindini na mtoto mchanga Baltimore. Ofisi zote mbili zinasema zinalinda maisha, na zote mbili zimeanza kwa kutazama kalenda.

Ombi la barua hii ni moja. Japani, gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili: breki, taa, usukani, moshi, chesisi. Ripoti hizo zipo, na mafundi wa kuzirudia bandarini kwenu hawakosekani. Gari lililofaulu liingie, liwe na miaka 12 au 40. Lililooza lirudishwe, hata likija na barua ya chama cha historia. Mkiona ugumu, basi angalau sheria ibadilishwe jina iitwe sheria ya umri, ili mwuzaji wa Yokohama aache kununua brekipedi mpya kwa ajili ya mkaguzi ambaye hatainama kuzitazama.

Wenu katika foleni,
Wauzaji wa magari yaliyobakiza miezi mitatu.

Nakala kwa:
1. Shirika la Viwango la Kenya, wajue kwamba gari wanalolikataa kwa uzee linasubiriwa kwa hamu mahali pengine.
2. EPA, watueleze mapafu yanakomaa vipi miaka minne kabla ya mbavu.